Nani Atampimia Mama Fimbo?

Jumapili ndiyo siku ya kuyaona magoti ya Kisumu. Soko la Kibuye likifurika, wachuuzi hutandaza mitumba, omena, viazi na sufuria hadi ukingoni mwa barabara, na kati ya turubai na turubai hubaki kijia cha kupitisha mguu mmoja tu. Watazame kina mama waliovuka miaka 55 wanavyopita hapo. Huyu ameshika bega la mjukuu. Yule anajivuta kwa nguzo za vibanda, akiachia moja anadaka nyingine. Wa tatu ameufanya mwavuli kuwa mkongojo, na mawingu hakuna. Kila mmoja amejitafutia cha kuegemea, na hakuna aliyepimiwa.

Hoja yangu leo ni kwamba kifaa cha kutembelea ni sehemu ya matibabu ya baridi yabisi, na matibabu hutolewa na mtu aliyesomea baada ya kumwona mgonjwa. Katika kaunti hii na majirani zake wa ziwani, Homa Bay, Siaya, Migori na Busia, fimbo humfikia mgonjwa kwa bahati. Anarithi ya marehemu, analetewa na mtoto anayefanya kazi Nairobi, au anaitwa uwanjani siku mheshimiwa fulani amekuja na lori. Mtu hawezi kuvaa miwani ya jirani akategemea kusoma gazeti, lakini fimbo ya jirani tunaipokea na kushukuru.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa sababu uchaguzi wa kifaa unaanzia hapo. Wengi wetu husema baridi imeingia mifupani na kumaliza habari. Ukweli ni kwamba ziko aina nyingi. Inayowapata wengi ukubwani ni ile ya gegedu kulika, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Magoti na nyonga ndiyo huumia zaidi, na uzito mkubwa wa mwili, majeraha ya zamani na kazi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo huongeza hatari. Fikiria kazi za huku kwetu: kuinama juu ya nyavu kuanika omena, kuchuchumaa mbele ya jiko la kukaangia samaki, kupandikiza mpunga Ahero matope yakiwa yamefika kwenye muundi, kubeba beseni kichwani kutoka ufukweni hadi barabarani. Aina nyingine ni ile ambapo kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vyake. Hii mara nyingi huanzia kwenye vidole na vifundo vya mikono, pande zote mbili, na inaweza kumkamata mwanamke wa miaka 35 aliye katikati ya nguvu zake. Wagonjwa hawa wawili wakipewa fimbo ya aina moja, mmoja atasaidika na mwingine ataumizwa mkono uliokuwa umebaki kumlisha.

Waya wangu, yaani shangazi upande wa baba, anaishi Nyalenda na kwa miaka mingi ameuza samaki wa kukaanga karibu na Dunga. Goti lake la kulia liliharibika polepole. Mwanawe alimnunulia fimbo ya alumini yenye kitufe kidogo na matundu ya kupandisha au kushusha urefu, akamtumia kwa basi la usiku. Ilikuja imerefushwa hadi mwisho, kama ilivyotoka dukani, na hakuna aliyeigusa. Waya ni mfupi. Basi akawa anatembea bega la kulia limepanda karibu na sikio, fimbo ameishika mkono wa kulia, upande uleule wa goti bovu, kwa sababu ndivyo akili inavyomtuma kila mtu: penye maumivu ndipo pawekwe nguzo. Baada ya muda akaanza kulalamika shingo na bega. Akaiegemeza ukutani nyuma ya mlango. “Wuoda,” yaani mwanangu, akaniambia, “hicho chuma kinaniongezea ugonjwa.”

Aliyemwokoa ni kijana mmoja wa fiziotherapia aliyekuwa amekuja kwa mgonjwa mwingine mtaani. Alimwomba mama avae viatu anavyotoka navyo, asimame wima, aache mikono ining'inie. Akasimamisha fimbo kando yake, akaangalia kishikio kinafika wapi. Kinapaswa kuwa sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono, ili mtu akikishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Cha waya kilikuwa kinakaribia kiuno. Kijana akabonyeza kitufe, akashusha, akapima tena. Kisha akaihamisha fimbo mkono wa kushoto na kumfundisha kuitupa mbele pamoja na mguu wa kulia, kama mikono inavyojipeleka yenyewe mtu akitembea. Haikuchukua muda wa chai kupoa. Bega likashuka palepale, mbele ya macho yetu.

Kwa nini mkono wa upande wa pili? Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu ili kiwiliwili kisianguke upande ulio wazi, na mvuto huo ndio unaokigandamiza kiungo. Katika kila hatua nyonga hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili. Mkono wa upande wa pili ukisukuma fimbo chini, misuli hiyo inapumzishwa na kiungo kinapata nafuu. Goti nalo hufaidika. Mwaka 2012 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya jaribio la watu 64 wenye baridi yabisi ya goti, nusu wakipewa fimbo na kufundishwa kuitumia kwa miezi miwili. Waliopewa walipungukiwa na maumivu na kutembea vizuri zaidi. Jambo lililonivutia ni kwamba mwanzoni fimbo iliwachosha. Mwili ulihitaji majuma kadhaa kuizoea. Anayeitupa baada ya siku tatu hajaipa nafasi. Huenda naye hakuambiwa.

Linganisha hilo na kinachofanyika madukani mwa dawa kutoka Kondele hadi Mbita. Mama anaeleza goti, anauziwa vidonge vya diklofenaki, anarudi wiki ijayo, anauziwa tena. Dawa hizo zina kazi yake, lakini zikimezwa mfululizo bila daktari zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, na wengi wa wanaozimeza tayari wana shinikizo. Fimbo iliyopimwa vizuri haina madhara hayo, na inanunuliwa mara moja. Inaniuma kwamba mtu anaweza kumaliza mwaka mzima akitibiwa goti, akapitia mikono ya wahudumu watano, asiulizwe hata siku moja: mama, unatembea na nini?

Kisha kuna ardhi. Vitabu vingi vya mambo haya vimeandikiwa watu wanaotoka kwenye zulia wakaingia kwenye lami. Sisi tuna udongo mweusi wa uwanda wa Kano, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza ncha ya fimbo na masika huganda kwenye kila kinachougusa. Tuna kingo za mitaro iliyo wazi Manyatta na Obunga. Tuna mawe ya ufukweni yenye utelezi wa magamba. Katikati ya mji hali ni nafuu: kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022 barabara nyingi zilitengenezwa, na penye njia za miguu za kabro mtu anaweza kutembea na kifaa bila hofu. Toka hapo uelekee Nyalenda, kabro inaishia njiani.

Kwa hiyo anayechagua kifaa aanze kwa kuitembea njia yake mwenyewe, kutoka kitandani hadi chooni, kutoka mlangoni hadi stejini, na kazini. Kigari chenye magurudumu manne, breki na kiti cha kupumzikia ni kizuri sana kwa mtu anayechoka upesi na ambaye sakafu yake na barabara yake ni laini. Kwenye changarawe ya Rabuor magurudumu yake madogo hukwama, na mtu aliyekiegemea kwa uzito wote hukisukuma kikamkimbia. Fremu ya miguu minne isiyo na magurudumu ni imara kuliko vyote kwa kusimamia, lakini inataka nafasi, na nyumba ya chumba kimoja yenye kitanda, kochi na mitungi haina nafasi hiyo. Fimbo yenye vikanyagio vinne chini husimama peke yake sebuleni, ila penye mteremko vikanyagio viwili hugusa na viwili huning'inia, nayo ikayumba. Fimbo ya kawaida yenye mpira mpana wa chini ndiyo inayovumilia njia zetu nyingi. Ukijikuta unaikandamizia karibu robo ya uzito wako, umeshaivuka; unahitaji magongo ya kushika kiwiko, yale yenye pete ya plastiki inayozunguka mkono. Magongo ya kwapani mwenye baridi yabisi ayaogope. Kwapa halikuumbwa kubeba mwili, na mishipa ya fahamu ya mkono hupita hapohapo.

Mpira wa chini tunaudharau kupita kiasi. Ndio unaoishika dunia. Ukilika ukawa mtelezi kama kioo, fimbo nzima inageuka mtego kwenye vigae vya benki na sakafu za hospitali. Ugeuze kila mwezi uangalie mistari yake, ikifutika, badilisha. Palipokosekana mpira wa dukani nimeona fundi viatu akichonga mwingine kutoka gurudumu la gari, vilevile anavyochonga akala, akaukaza bila kuacha ncha ya msumari popote. Ulikaa barabara. Nami sioni kwa nini mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti na majiko wasifundishwe na wataalamu wa hospitali kutengeneza fremu, fimbo na mipira ya vipimo sahihi, kaunti ikawa ndiyo mnunuzi.

Mwenye vidole vilivyovimba ana shida ya peke yake. Kishikio chembamba chenye mkunjo wa duara, ule wa fimbo za mapambo, humtesa kwa sababu kinamlazimu kufumba ngumi kwa nguvu. Anahitaji kishikio kinene, kipana, kinachokaa kwenye kiganja kizima. Vipo vya kununua vilivyofinyangwa kufuata umbo la mkono, wa kulia mbali na wa kushoto mbali. Kisipopatikana, vipande vya tyubu ya baiskeli vikizungushwa kwa kubana hadi kishikio kinenepe hupunguza kazi ya vidole. Na mgonjwa ambaye hata vifundo vya mikono haviwezi kukandamizwa, ziko fremu zenye vitanda vya kulazia mkono mzima kuanzia kiwikoni, ili uzito upite kwenye mfupa wa mkono badala ya vidole. Hizo ni nadra kuonekana katika hospitali ndogo, na mgonjwa hawezi kuomba asichojua kipo.

Usafiri nao unachagua kwa niaba yetu. Ngazi ya kwanza ya matatu iko juu, na kondakta anataka abiria apande gari likiwa linaondoka. Kwenye bodaboda goti hukunjwa safari nzima na fimbo hukosa pa kukaa. Tuktuk, ambazo mji huu umejaaliwa nazo, zina sakafu ya chini na mahali pa kushika, na kwa mwenye goti bovu ndizo afadhali, mfuko ukiruhusu. Wa visiwani, Mfangano, Takawiri au Rusinga upande usiofikiwa na gari kwa urahisi, hulazimika kuinua mguu juu ya ubavu wa boti ya mbao huku maji yakiitikisa. Wao fimbo ya kukunja inayoingia mfukoni huwafaa kuliko gongo refu, kwa sharti kwamba viungo vyake vinajifunga imara. Kuna na kanuni ya ngazi, ambayo kila mwenye fimbo anastahili kufundishwa: kupanda, mguu mzima hutangulia, kisha mgonjwa na fimbo, kushuka, fimbo na mguu mgonjwa hutangulia, mzima hufuata.

Nimezungumza na kina mama wengi wanaojua wanahitaji fimbo na hawaitaki. Sababu wanayotoa haihusu bei. Mwanamume mzee wa Kijaluo akishika fimbo, watu wanaona jaduong', mzee mwenye neno, ameongezewa heshima. Mwanamke akishika, sokoni wanaanza kuulizana amepatwa na nini, mteja anahofia kama samaki watakuwepo kesho, na wenzake wa chama wanajiuliza kama ataweza kulipa. Mama anayeishi kwa mkopo wa kikundi ana haki ya kuogopa hilo, na kumwambia aache aibu ni kumkosea. Ninachomwambia ni kwamba anguko moja lililovunja nyonga litamtoa sokoni kabisa, na fimbo inampa miaka ya biashara. Nawaomba na wanaume wenye fimbo za heshima, hasa wanaojua kwamba magoti yao pia yanauma, walitaje goti hadharani. Itawapunguzia dada zao mzigo.

Sheria haziko dhidi yetu. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa njia inayofaa, na haki ya kupata vifaa vya kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hazina yake hutoa vifaa kwa waliosajiliwa, na mwaka 2025 tulipata sheria mpya. Tatizo liko kwenye neno “waliosajiliwa”. Usajili unaanza kwa kupimwa ulemavu katika hospitali iliyoidhinishwa, na mama wa Kibuye hajioni mlemavu. Anajiona mtu mwenye magoti. Hawezi kuacha siku za soko kufuata cheti cha kitu anachokikana. Akiwa na miaka 70 huenda anapokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali, ambazo zina kazi nyingi kabla ya fimbo, na kigari cha magurudumu manne kingezimeza za miezi kadhaa. Anaangukia katikati: si mzima kiasi cha kutembea bila kifaa, wala hajaumia kiasi cha kuhesabiwa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi inapaswa kuvipa kipaumbele, na fimbo, magongo, fremu na vigari vimo. Ripoti yake pamoja na UNICEF ya 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Kwa viti vya magurudumu, mwongozo wa shirika hilo wa 2008 ulitaja hatua 8, kuanzia mgonjwa kuelekezwa na kupimwa, hadi kufundishwa na kufanyiwa matengenezo baadaye. Hapa nchini APDK, shirika la watu wenye ulemavu lililoanzishwa 1958, limethibitisha kwamba viti vinavyohimili barabara zetu vinaweza kutengenezwa na mikono ya Wakenya, wengi wao wakiwa wenyewe watu wenye ulemavu. Lakini ugawaji wa uwanjani, wenye hema, spika na fulana, unaruka kupima, unaruka kufundisha na unaruka matengenezo. Nimeona viti vilivyotolewa hivyo vimekuwa vya kuanikia nguo. Vilikuwa vipana mno kwa mlango, au vya hospitali, vyenye magurudumu ya mbele madogo yasiyovuka hata kizingiti. Aliyevitoa alikuwa na nia njema, na pesa za umma zilipotea vilevile.

Ninachopendekeza hakihitaji jengo jipya. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo sisi tunaendelea kuiita Russia kwa heshima ya Wasovieti waliotusaidia kuijenga, inawahudumia wagonjwa wa ukanda huu wote. Mama wa Kombewa au Nyakach hapaswi kusafiri hadi huko kwa sababu ya kitufe cha fimbo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, na kuwapa mikoba yenye mashine ya shinikizo, ya sukari, kipimajoto na mizani. Wanaingia nyumbani mwa watu. Wanaona choo kilivyo, ngazi ilivyo, mama anavyoinuka kwenye kigoda. Waongezewe futi ya fundi cherehani na mafunzo ya kupima fimbo, ya kutambua vidole vilivyovimba vinavyohitaji daktari upesi kabla havijapinda, na ya kujua ni nani apelekwe kwa fiziotherapia. Zahanati iwe na fimbo za urefu wa kurekebishwa, mipira ya akiba, na siku moja kwa mwezi ya mtaalamu kutoka hospitali ya kaunti ndogo.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla ya hapo bajeti huletwa kwa wananchi watoe maoni wadi kwa wadi. Mikutano hiyo huwa na vijana wanaodai barabara na wazee wanaodai maji, na ni vizuri wawepo. Safari hii waje na wenye magoti, na fimbo zao, zile ndefu kupita kiasi na zile zisizo na mpira. Mwakilishi wa wadi akimaliza kusoma makadirio ya afya, wamwombe aseme ni zahanati ipi kati ya alizozitaja itakayokuwa na mtu wa kuzipima, kuanzia mwezi gani, na pesa zake ziko ukurasa upi.